Kunazi Moja kwenye Kisahani

Shiqiao,
22 Machi 1986

Dada yangu Suyun,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani? Binti yetu Dandan hajambo? Safari hii sikuulizi kwa sababu barua huanza hivyo. Nakuuliza kweli, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Sisi huku tunaendelea. Baba anakula, analala, anagombana na redio kila ikitaja bei ya mchele. Juzi nilipita kaburini kwa Mama nikang'oa majani kidogo, maana siku ya kufagia makaburi iko karibu na sikutaka majirani watuone wazembe.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliichana, ya pili nikaimwagia chai. Siwezi kutulia, dada. Naandika mistari miwili nainuka, nafungua droo za dawa, nazifunga, nafika mlangoni, narudi. Baba ameshaniuliza mara mbili kama nimekalia siafu. Lakini leo lazima niimalize, kwa kuwa mke wa mzee Fei, yule mwuza tofu, anapanda basi la Wuhu kesho asubuhi na ameniahidi kukukabidhi mkononi, si kwa mlinzi wa kiwanda. Nilifikiria kukupigia simu ya maandishi, ila unamjua bibi Hua wa posta. Angeisoma kwa sauti kabla hajaituma, na kabla ya chakula cha mchana mji mzima ungekuwa unakusikitikia.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mpaka imechakaa. Unasema unakula mabakuli matatu ya wali na bado suruali inateleza kiunoni. Unasema mikono inatetemeka, huwezi tena kufunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine, na msimamizi anakutania kwamba umeanza ulevi. Kwamba Dandan alikuuliza kwa nini macho yako yamekuwa makubwa kama ya samaki wa dhahabu. Halafu unasema nisiwe na wasiwasi, dawa ya Baba unainywa asubuhi na jioni bila kukosa, na tarehe thelathini na moja unapeleka ombi la talaka, kwa sababu Baba alishaona chanzo cha ugonjwa ni nyumba ya mama mkwe wako, na Baba hajawahi kukosea.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka, na mpaka leo haujarudi.

Nianze na vidole vya Baba. Wewe na mimi tulilelewa na vile vidole vitatu. Unakumbuka tukiwa wadogo, ukila sukari ya Mama kwa siri, Baba anakushika kifundo cha mkono, anafumba macho, anasema sukari hii ina mwizi? Tuliamini vinaona. Na mji mzima unaamini hivyohivyo. Wenzetu wa mbali husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kwetu mgonjwa akija kwa Baba, tabibu Miao wao, anajisifu kwa kuficha. Anakaa, anaweka mkono juu ya kimto, anabana mdomo, anangoja aambiwe mwenyewe anaumwa nini. Akiambiwa sawasawa, anapiga goti lake kwa furaha hata kama ameambiwa figo zimechoka. Tabibu anayeuliza maswali wanamwona hajui kazi.

Sasa sikia. Mwezi wa tisa mwaka juzi nilikuwa nachemsha dawa, Baba akashika mpini wa sufuria la chuma uliokuwa motoni. Nilisikia harufu ya ngozi kabla yeye hajasikia chochote. Alikuwa amesimama vilevile, anaendelea kunisimulia habari za mvua. Nilipompokonya lile sufuria aliangalia malengelenge kwenye vidole kama anaangalia mkono wa mtu mwingine. Ndipo akakiri kwamba tangu kiangazi vidole vyake vya kulia vimekufa ganzi. Alisema ni upepo, umeingia kwenye mishipa, utatoka. Haukutoka. Alijichoma sindano, akajipaka tangawizi, akanywa dawa chungu mpaka meno yakabadilika rangi. Wapi! Akaniomba nisimwambie mtu, hasa wewe.

Nilimwambia afunge duka. Alikataa, akasema akifunga atakufa kabla ya mwaka mpya. Na mimi, dada, nikaona huruma, nikapata wazo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa la huruma au la shetani.

Unajua mimi ndiye ninayewapa chai wanaongoja zamu. Watu humnyamazia tabibu, lakini hawamnyamazii mtu wa chai. Kwangu wanasema yote: mkojo wa usiku, mkwe mkorofi, kinyesi, ndoto. Nikaanza kuuliza taratibu. Kisha namwingizia Baba kikombe chake na kisahani cha kunazi kavu. Kunazi moja ni ini, mbili moyo, tatu bandama, nne mapafu, tano figo. Mkono wa kikombe ukielekea dirishani, chanzo ni baridi; ukielekea kwake, ni joto. Mfuniko ukiwa wazi, chanzo si hali ya hewa, ni jambo la moyoni: hasira, hofu, huzuni. Baba anaweka vidole vyake vitatu vilivyokufa juu ya mshipa, anafumba macho, anakula kunazi, anasema. Mzee Fei alimtania siku moja kwamba uzeeni amekuwa mpenda vitamu, kwa kila mgonjwa anamaliza kisahani.

Na ilifanya kazi! Hilo ndilo lililonilevya. Watu walizidi kuja. Walitoka nje wakisema vidole vya tabibu Miao vimezidi kuwa vikali na uzee. Mimi nimesimama pale na birika, nina miaka thelathini na minne, nimesoma mishipa kando ya Baba tangu nina kumi na tano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa mkono wake, kwa kuwa nywele zangu hazijawa nyeupe. Sasa walikuwa wananisifu bila kujua. Niliona utamu, dada. Sitakudanganya.

Ikafika zamu yako, mwezi wa pili, siku ya tatu ya mwaka mpya wetu. Sebule ilikuwa imejaa. Ukakaa mbele ya Baba kama zamani, ukaweka mkono kwenye kimto, ukatabasamu, ukabana mdomo. Na mimi sikuwa nimekuuliza kitu, maana nani anamuuliza dada yake maswali ya wagonjwa? Nilichokuwa nacho ni maneno yako ya jikoni usiku uliotangulia: mama mkwe anakuficha sabuni, anakusema mbele ya majirani kwa sababu ulizaa mtoto wa kike, na mumeo Baoquan anainamisha kichwa kwenye bakuli lake. Nikatosheka na hayo. Nikaweka kunazi moja, nikaufungua mfuniko.

Kunazi moja, mfuniko wazi. Ini, hasira.

Baba akakwambia hasira imekukalia kwenye ini, inakupandia shingoni, ndiyo maana pamevimba kidogo, na maadamu unakula meza moja na yule mama hakuna dawa itakayokufaa. Ukalia. Ukauliza amejuaje na hujasema neno. Watu wote sebuleni wakaguna kwa mshangao. Na siku ya tano ulipofika Wuhu ukafunga mzigo, ukamchukua Dandan, ukahamia bweni la kiwanda.

Sasa nakuja kwenye lile ninalolikwepa tangu mstari wa kwanza.

Siku ulipoondoka nilikusindikiza stendi. Nilikushika mkono, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe mahali pake, kama vilivyozoea. Mkono wako ulikuwa wa moto na umelowa jasho, na barafu ilikuwa haijayeyuka barabarani. Baba alitufundisha kwamba mshipa wa hasira hukaza kama uzi wa zeze. Wako haukukaza. Ulikuwa unakimbia. Nikahesabu kwa pumzi zangu: mshipa wa mtu mzima hupiga mara nne au tano kwa pumzi moja ya tabibu. Wako ulipiga mara saba. Nikahesabu tena. Saba. Nilijua palepale kwamba kile tulichokwambia sicho, na kwamba mtu mwenye mshipa wa namna ile hapelekwi kwenye basi, anapelekwa hospitali.

Nikakupa mayai sita ya kuchemsha, nikakwambia safari njema.

Ndivyo nilivyofanya, Suyun. Wiki tano nimejiambia ulikuwa umekimbilia basi, ulikuwa umekunywa chai kali, ilikuwa uchungu wa kuagana. Ukweli ni kwamba kama ningefungua mdomo, ungerudi kumuuliza Baba mbele ya watu, na jina lake lingeanguka, na kisahani changu kingeanguka nalo. Nililinda kisahani nikakuacha wewe uende.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa daktari Yin, yule binti wa zahanati ambaye Baba humwita Bomba la Sindano. Nilimsomea dalili zako bila kutaja jina. Hakuacha nimalize. Alisema macho, mikono, kukonda huku unakula, mapigo ya mbio, uvimbe wa shingo: inaelekea ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, lakini lazima damu ipimwe ndipo ijulikane. Kwamba ina tiba, ila ikiachwa inauchosha moyo mpaka moyo unashindwa. Akaniuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikaaga, nikatoka.

Jana mchana nilimwambia Baba. Alisikiliza bila kupepesa. Hakuuliza habari za jina wala za wagonjwa. Aliuliza mara ngapi kwa pumzi moja. Nikasema saba. Akainuka, akakaa, akainuka tena, akauliza saba, una hakika saba? Kisha akaniuliza ni kitu gani kilichonifanya nikuache upande basi. Nikamjibu nilikuwa nalinda jina lake. Akasema jina lake angezikwa nalo bila shida, jeneza lina nafasi, lakini mtoto wake yeye atamzikaje? 

Leo asubuhi sebule ilipojaa alisimama mwenyewe akawaambia vidole vyake vimekufa tangu mwaka juzi, kwamba aliyekuwa akijua maradhi yao ni mimi, na anayetaka kutibiwa anipe mimi mkono na afungue mdomo aseme kinachomsumbua, asiyetaka, zahanati iko ng'ambo ya daraja. Nusu waliondoka. Mama mmoja alidai arudishiwe bata aliyemleta vuli. Mzee Fei akapiga kelele, kumbe kunazi zote zile! Akanyoosha mkono wake kwangu akasema haya, binti, leo nitasema mpaka uchoke. Nilimpima huku machozi yananidondokea kwenye kimto.

Sasa nakuomba, na hata kama hutanisamehe nisikilize kwa hili moja. Dawa ya ini niliyokutumia kwa jina la Baba iache leo. Ilipikwa kwa ajili ya mshipa ambao hakuna aliyeupima. Usije huku kwanza. Nenda hospitali kubwa ya hapo Wuhu siku hiyohiyo utakapopata barua hii, omba ruhusa kiwandani, wakikunyima nenda bila ruhusa. Na ukifika mbele ya daktari, usikae kama tulivyolelewa kukaa. Usibane mdomo. Mwambie kila kitu, jasho, wali, macho, mikono, mbio za moyo, hata ambayo hakuuliza.

Kuhusu Baoquan, sina la kukuamulia tena. Mama mkwe wako ana ulimi wa wembe, sikatai, na sabuni alikuficha kweli. Lakini usipeleke ile karatasi tarehe thelathini na moja kwa ajili ya neno la Baba, kwa maana halikuwa la Baba. Kama utamwacha mumeo, mwache kwa hasira yako mwenyewe, si kwa kunazi yangu. Na kama moyo wako bado uko naye, mwambie akusindikize hospitali, akakushikie Dandan.

Nisalimie Dandan, mwambie macho ya mama yatarudi. Msalimie na yule mwenzako wa bweni aliyekupa kitanda cha chini. Mke wa Fei ana maziwa ya unga na mayai, safari hii kumi na mbili, na nimemwomba asiondoke Wuhu kabla hajakuona umeingia mlango wa hospitali. Nitakuwa stendi kila basi likiingia, mpaka nipate neno lako.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Suqin

Yale madoa matatu mekundu hapo chini si wino ulionimwagikia. Nimemsomea Baba barua yote, akasema na yeye atie sahihi. Kalamu ilimponyoka mara mbili. Akachukua wino wa muhuri, akachovya vile vidole vitatu, akavikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka meza ikalia. Halafu akaniuliza kama vimeshagusa. Nikamwambia vimegusa, Baba.