Mume Wangu Haingii Tena Ndani ya Nyumba

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hapa nilipofika akili imegota. Mume wangu ni fundi mwashi, mtu wa mizaha, akirudi kazini mtaa mzima unajua kwa kicheko chake, mpaka siku ghorofa walilokuwa wanajenga lilipoporomoka likamfunika yeye na mwenzake, rafiki yake wa tangu ujana, wakawa chini ya zege gizani wanaitana, mwenzake anaomba maji naye hana, hadi mwenzake akaacha kuitika. Yeye alitolewa mzima, hospitali wakamshona kichwa wakasema amepona, nasi tukashangilia.

Mshauri, hajapona. Haingii ndani. Analala uani, mvua ikinyesha anajifunika turubai, anakula huku akitazama juu, na habari ya kazi hataki hata kuisikia. Juzi mtoto wetu aliangusha sufuria pale uani, baba yake akamrukia akamlalia kwa mwili wote akipiga kelele, "Usinyamaze! Ongea! Ongea!" mpaka majirani wakaja kumtoa, mtoto ameteguka mkono na sasa akimwona baba yake anakimbia.

Majirani nimewaambia ni presha. Shemeji, kaka yake mkubwa, anasema ni pepo, na wiki ijayo anakuja na gari ampeleke kwa mtu anayefunga wagonjwa minyororo mpaka watulie. Nikamwambia, "Shemeji, huyu si mbuzi." Akanijibu, "Haya, siku akiua mtoto utasemaje?" Mume wangu alikuwa anasikia yote, akasema taratibu, "Mama watoto, waache wanifunge. Mtapumzika." Tangu hapo nashona nguo za watu huku machozi yanadondokea vitambaa. Nimwache aende?

Fundi Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Cherehani, pole sana. Na hapana, humwachi aende.

Mumeo hana pepo. Ana jeraha ambalo sindano ya hospitali haikulifikia. Rafiki yake alinyamaza akafa, ndiyo maana anamsihi mtoto asinyamaze. Alidhani anamwokoa. Mweleze mtoto hivyo, kwa maneno ya kitoto, mkono wake utibiwe, na kwa sasa usiwaache wawili hao peke yao. Minyororo haitibu kitu. Nimeviona vifundo vya miguu vya waliotoka huko.

Sasa nikugombeze. Presha ya nini? Umeficha ugonjwa, shemeji akabaki kuwa daktari peke yake. Halafu mtu anakwambia "mtapumzika", nawe unarudi kwenye cherehani! Neno kama hilo linaulizwa palepale, waziwazi: baba watoto, unafikiria kufa? Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa pa kusemea.

Nilipiga namba uliyoandika, akapokea mumeo. Nilipojitambulisha akauliza, "Kwani huko mnasikiliza na wanaume?" Nikamwambia tunasikiliza. Nikamuuliza swali lile. Akasema wazo limempitia, ila hajapanga lolote. Halafu akalia. Kinachomtafuna ni mjane wa rafiki yake: anataka ajue kwamba mumewe hakunyimwa maji, hayakuwepo. Ameniruhusu niyaandike haya.

Fanya hivi. Hospitali ya magonjwa ya akili iko mbali na madaktari wake ni wachache mno, sikudanganyi. Lakini nimeulizia kituo cha afya cha kwenu: yupo muuguzi aliyefundishwa kazi hii, anaonana na watu kila Jumatano. Huenda dawa zikawa zimeisha, ila kuzungumza naye hakuhitaji dawa ziwepo. Amekubali kutoa kiti nje, amwone mumeo pasipo dari. Nendeni Jumatano hii hii, na mrudi kila atakapowaita, hata mkidhani mambo yametulia. Kabla ya hapo asikae peke yake. Kamba na sumu ya panya viondoke hapo nyumbani, na akianza kuzungumzia kufa, mpelekeni kituoni siku hiyohiyo bila kungoja Jumatano. Shemeji naye aje na gari lake Jumatano hiyo, awapeleke kituoni. Akikataa, mwambie anipigie mimi.

Na yule mjane nimeshazungumza naye. Alikuwa anadhani mumeo anamkwepa. Muuguzi akisema sasa inafaa, atakuja. Mumeo anajua, ameniomba nikwambie umtafutie shati safi.