Nyumba Uliyoniuliza

Kolwezi, 9 Februari

Ndugu yangu Bilonda,

Huku mvua haikatiki, ila umeme unakatika kila siku. Mwalimu wetu, Mama Huguette, bado anafundisha.

Katika ule mchezo wa mtandaoni wa majoka, mganga anayekuponya vidonda kila Jumapili ni mimi, Kalumba, jirani yako wa utotoni. Nilikutambua ulipowasimulia wachezaji jinsi mlivyofukuzwa Kolwezi mwaka 1993 kwa kuwa Wakasai, ukataja jina la baba yako. Sikukuambia mimi ni nani. Tangu baba yangu afariki sina mwingine wa kuzungumza naye.

Jumapili iliyopita ukaniandikia: "Weye uko Kolwezi. Unaweza kwenda kuniangalia nyumba yetu ya mulango ya bulu, kama ingali ya kusimama? Uniandikie dukani kwangu, Mwene-Ditu."

Nikajibu: "Mi nitaenda." Nikazima simu.

Sikuhitaji kwenda popote, Bilonda. Baba aliingia katika nyumba yenu siku ile ile treni iliyowachukua ilipoondoka. Nilikuwa na miaka kumi, nikabeba godoro. Hadi leo nalala chumbani mwako.

Jumapili nitaingia mchezoni kwa jina langu la kweli. Usipokuja, nitaelewa.

Kalumba, mwana wa Mukalay