Laptopu Mpya ya Mwaka wa Zamani

Wanja,

Chai iko kwa thamosi. Mbuzi usimfungue, jana alimaliza sukuma wiki ya jirani. Nimeenda Mlolongo kufunga giaboksi ya lori la Kimotho.

~~Hiyo laptopu utaitumia vile nimekuletea.~~ Hapana. Usiitoe kwa katoni. Muuzaji alisema haibadilishwi ikishafunguliwa.

Asubuhi ulisoma namba za katoni ukasema, "Baba, ni mpya, lakini modeli ni ya miaka mitatu nyuma." Nikakuita mtoto asiye na shukrani. Ulipotoka na jerikeni bila kunywa chochote, nikakaa hapa nikafikiri. Mtu akinionyesha gari lenye namba mpya ya usajili, mimi humuuliza kwanza lilitengenezwa mwaka gani, maana namba inaweza kuwa ya juzi na gari ni kuukuu. Kwa laptopu niliona nailoni inang'aa, nikalipa. Ingekuwa bei ya modeli ya zamani, sawa. Lakini nimeuziwa kama ya mwaka huu.

Saa nane tukutane pale dukani nilipoinunua, uje nayo. Wewe ndiye utaongea. Nikianza kufoka unikanyage mguu, lakini usitoke tena ukaniacha.

Baba yako