Mapigo Hayatulii

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto wote. Natumaini mnaendelea vizuri, na kwamba kile kifua ulichokipata kwa vumbi la saruji kimepata nafuu. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hulalamika kuliko mimi nikipanda ngazi za kazini. Mama yupo. Nasema yupo kwa sababu sina neno jingine. Anakula ukimlisha, analala ukimlaza, na kila asubuhi ananiamkia shikamoo, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Siku za kwanza nilikuwa nakataa kuipokea. Sasa naitikia tu, maana nikikataa ananyong'onyea siku nzima.

Najua utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Mwezi huu nimekupigia mara nne. Kila ulipopokea niliuliza habari za kazi, nikauliza watoto, nikauliza mvua, kisha nikaaga. Lazima uliona kwamba dada yako amezeeka vibaya. Kuna neno lilikuwa kooni na halikutaka kutoka, nikaona huenda mkono utakuwa na ujasiri kuliko mdomo.

Nianze na mama. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa ananiuliza habari ya wimbo. Hajui jina langu, hajui ni mwezi gani, lakini kila nikimfuta uso ananiuliza yule mwanangu mwenye gitaa atakuja lini kuniimbia ule wimbo wake. Nilimwambia yuko kazini. Ndipo nilipokupigia simu, kabla ya hizo nne za mwezi huu, nikakuomba uniimbie hata ubeti mmoja nimpelekee. Ulisema ulishausahau siku nyingi, na kwamba ni bora hivyo. Sikukulaumu. Nilikaa na simu mkononi mpaka ilipojizima taa.

Basi nikaamua kuutafuta mwenyewe. Unajua studio yetu ya redio inahamishwa, nami nimebakiza miezi minne kustaafu, hivyo nimepewa kazi ya kupanga makabati ya zamani. Kanda ya wimbo wako uliyonikabidhi ujanani sikuitarajia, na haikuwepo. Nilichokikuta ni ile fomu ya ukaguzi wa nyimbo za kupelekwa kwa kamati, niliyoijaza mimi mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa mwandiko ule wangu ulionyooka mpaka wenzangu wakaniita Mizani. Fomu ile ina kila kitu. Inasema wimbo una dakika nne na sekunde kumi na moja. Inasema umeanza kwa mapigo mia moja na nne kwa dakika, yakashuka hadi themanini na nane, yakapanda tena hadi mia moja na kumi, na kwamba jambo hilo limetokea mara tisa. Inasema sauti imelegea kwenye noti ya juu ya ubeti wa tatu. Chini kabisa nimeandika: mapigo hayatulii. Ina kila kitu kasoro wimbo. Nilisoma kurasa zote mbili, na sikupata hata sehemu moja niliyoandika unaimba nini.

Hata hivyo nilijaribu. Mimi niliyesomea muziki miaka mitatu nilikaa kando ya kitanda cha mama nikaunga vipande nilivyovikumbuka, pale nisipokumbuka nikatia vyangu. Nilihakikisha kila noti iko mahali pake. Mama alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanishukuru, akaniambia, "Umeimba vizuri, binti, ila huo siyo wenyewe." Nilijaribu siku tano. Siku ya tano aligeukia ukutani kabla sijamaliza.

Siku moja mchana nilikuwa namkunjia nguo, nikaona mguu wake wa kulia unakanyaga ubao wa mwisho wa kitanda. Anakanyaga haraka, anapunguza, anasita, halafu anaondoka tena kwa kasi kuliko mwanzo. Nilifikiri ni mishipa, nikataka kumwita muuguzi. Kisha nikakumbuka kazi yake. Miaka yote ile tukiwa wadogo alikuwa anashona kola za sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, na wewe ulikuwa unalala chini ya meza, kichwa karibu na pedeli. Ukishona kola unakwenda mbio kwenye upande mrefu, unapunguza ukifika kwenye ncha, unainua, unageuza kitambaa, unaondoka. Nilichukua fomu nikakaa chini sakafuni, nikahesabu mguu wa mama. Kila mahali nilipoandika kosa, mguu wake ulipunguza, ukageuza.

Mdogo wangu, mapigo yako yalikuwa yametulia. Ulikuwa unamfuata mama. Nilikuwa na namba zote mkononi, na masikio haya niliyolipiwa mshahara maisha yangu yote, na haikunijia hata mara moja kuyauliza masikio namba zile zina maana gani. Mchana ule, nikiwa sakafuni, kwa mara ya kwanza vitu hivyo viwili vilikaa pamoja ndani yangu, nikauelewa wimbo wako. Ila kuujua mwendo wake si kuwa nao. Sauti imekwenda. Wewe umeisahau, mimi sikuishika, na mama hawezi kuisema. Jumatatu iliyopita aliacha kuuliza. Nilimfuta uso nikasubiri, kisha nikaanika kitambaa. Mpaka leo hajauliza tena, na daktari ananiambia nisitegemee.

Sasa nifike kwa binti yako mkubwa. Alipokuja likizo kunisaidia kumwuguza bibi yake, nilimsikia jikoni anaosha vyombo na kuimba chini chini, kitu cha kwake mwenyewe. Nilisimama mlangoni. Alivunja taratibu zote ninazozijua na sikutamani anyamaze. Aliponiona alikata sauti kama mtu aliyefumaniwa, akaniomba nisimwambie baba yake. Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza kwamba alileta nyumbani karatasi za chuo cha muziki, ukazirudisha bila kuzifungua, ukamwambia ukoo wetu hauna sikio, na kwamba watu wa kamati walishalipima jambo hilo wakalimaliza, hakuna haja ya yeye kwenda kuaibishwa kama ulivyoaibishwa wewe. Halafu akanitazama. Akasema, "Shangazi, wewe ndiyo kazi yako kusikiliza. Ni kweli hatuna?"

Nilimjibu kwamba baba yake anajua zaidi. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha sahani ambazo tayari zilikuwa kavu. Usajili wa chuo ulifungwa Ijumaa iliyofuata. Wifi ameniambia kwamba sasa binti anasomea utunzaji wa ghala, anakwenda na kurudi bila kusema neno, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba mnasikia bomba la jirani likifunguliwa.

Hilo ndilo neno lililokuwa kooni, na sasa nalitoa. Kamati haikuusikia wimbo wako. Watu wale watatu walikutana Alhamisi kama kawaida, wakasikiliza kanda sita, na ya kwako haikuwa miongoni mwa hizo. Iliishia mezani kwangu. Niliyokuambia siku ile uliponisubiri getini na shati lako lililopigwa pasi, kwamba walisikiliza mpaka mwisho, kwamba walisema huna sikio, kwamba mmoja wao alishauri utafute kazi nyingine usije ukapoteza ujana wako, niliyatunga yote nikiwa nashuka ngazi. Pale ndipo nilipotunga kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho mtu alikiamini.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliogopa wasiseme nampendelea mdogo wangu. Ni uongo. Nilivaa vile visikilizio vya masikioni nikauweka wimbo wako, na ulipofika ubeti wa tatu nilijikuta nalia, machozi yanadondokea kwenye fomu, na sikujua kwa nini. Mimi nilikuwa nimepita mitihani yote. Nilikuwa natunga kila Jumapili, na hakuna kitu changu hata kimoja kilichomfanya mtu ageuze shingo. Wewe hukujua jina la noti hata moja. Niliona hasira. Nikarudisha kanda mwanzo, nikatoa saa, nikaanza kupima, na nilipopata kosa la kwanza nilifurahi. Mengine nane niliyatafuta kwa hamu. Kanda zilizokataliwa hufutwa kwa kurekodiwa vitu vingine, na kazi hiyo ilikuwa ya kijana wa stoo, lakini yako sikumpa. Niliiweka mashineni kwa mkono wangu, nikarekodi juu yake taarifa ya hali ya hewa.

Sikuombi msamaha, maana sijui ungeutoa wapi. Umebeba mifuko ya saruji miaka ishirini na miwili kwa sababu yangu, ukapiga marufuku redio nyumbani kwako kwa sababu yangu, na sasa mtoto amefungwa mdomo kwa maneno niliyoyatunga kwenye ngazi. Wimbo haupo tena popote duniani. Hata ukinisamehe, haupo.

Nakuomba moja tu. Mwite binti yako, umkalishe, umweleze. Mwambie kwamba wewe hukupimwa na kamati yoyote. Mwambie kazini kwetu wimbo wa baba yake ulisikilizwa na mtu mmoja tu, mara moja tu, na mtu huyo alilia. Huenda hatakuamini, na chuo kimeshafunga milango. Mwambie hivyo hivyo.

Nisalimie wifi, umwambie dawa ya mama aliyoituma imefika. Wabusu wadogo. Kama hutajibu nitaelewa, na mama nitaendelea kumtunza kama kawaida.

Ni mimi,
Dada yako