Pikipiki ya Baba Mkwe Haitoki

Shoga, nimekwisha.

Unalijua lile gari letu kuukuu la abiria, mume wangu alilong'oa viti ili libebe pikipiki ya babake? Leo kachomelea vyuma vya kuishikilia. Kachomelea pikipiki ikiwa NDANI! Eti apate kipimo sawasawa.

Sasa haitoki. Shoga, haitoki!

Baba mkwe kaja kuichukua, ana miadi ya hospitali. "Nitoleeni pikipiki yangu." Mashine ya kukatia vyuma mume wangu kaiazimisha jana.

Mzee kavaa helmeti, kapanda mle ndani, kaikalia.

"Haya, twendeni."

Mwenye leseni hapa ni mimi tu. Niko kwenye usukani.

Ananipigia honi kutoka nyuma.