Fimbo ya Kuvulia ya Shiru

Baba Shiru,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia. Machozi niliyamaliza siku tuliyokuaga huku ughaibuni, kabla jeneza lako halijapandishwa ndege kurudi nyumbani. Kilichobaki ni hasira, na yote ni yako.

Juzi nilipotoka zamu kule Al Thumama, kwenye ule uwanja unaojengwa, nilipitia chumbani kwenu, kwenye kambi ya wafanyakazi Industrial Area, kuchukua ile fimbo ya kuvulia uliyomnunulia Shiru. Binamu yako alikusanya vitu vyako vyote akaiacha hiyo, eti ni ndefu, haiingii kwenye sanduku. Unajua niliikuta wapi? Imelazwa juu ya vitanda viwili, imeanikiwa maovaroli yanayochuruzika maji! Ncha imekatika. Niliwafokea wale vijana mpaka msimamizi wa kambi akaja mbio kuuliza nani amekufa. Nikamwambia, aliyekufa mnamjua, na hapa mnaanikia nguo mali ya mtoto wake!

Nilikuambia. Ama sikukuambia? Nunua ya vipande viwili, sisi ni watu wa kusafiri na ndege. Ukakataa. Ukasema ya kipande kimoja ndiyo inayokuletea habari za samaki mpaka kiganjani. Habari gani, bana! Wewe mtu wa Naivasha unifundishe samaki mimi, mtu wa Homa Bay niliyekula ngege kabla sijaota meno!

Ijumaa ile ya kuinunua, maana huku kanisa ni Ijumaa, tulitoka ibada Mesaimeer ukanivuta hadi dukani na tai yako shingoni. Mwenye duka akakuletea fimbo nene za kuvulia nguru baharini, ukazirudisha zote. Ukatuhubiria sisi wawili: chambo cha bass, yule samaki mkali wa ziwani kwenu, ni kijisamaki cha plastiki, chepesi kama ufunguo. Ukikirusha na fimbo ngumu kinaangukia miguuni pako. Lazima fimbo yenyewe ijipinde, ndiyo ikitupe mbali. Basi ukatoa ufunguo wa kabati lako, ukautundika kwenye ncha ya kila fimbo, ukachuchumaa kuangalia inainama kiasi gani. Ukasoma yale maandishi madogo juu ya mpini, yanayoonyesha inabeba chambo cha uzito gani. Ncha iwe laini, ukasema, lakini kiuno kiwe imara, maana bass akishanasa anakimbilia kwenye magugu. Tena iwe nyepesi, mkono wa Shiru bado mdogo. Saa nzima! Mwenye duka alituletea chai ya maziwa, nadhani aliona tumehamia.

Na hapo ndipo damu inaponichemka. Fimbo uliipa saa nzima, kifua chako hukukipa hata dakika moja. Nikikuona umekunja uso kazini nakuuliza, unanijibu, "Ni gesi tu, Omondi." Nikasema twende kliniki. Ukasema kwanza twende tukaijaribu fimbo, kliniki haihami. Gesi! Gesi gani inamwangusha mwanamume mzima kwenye foleni ya basi la kampuni? Wewe ulimwambia mtoto akungoje likizo, utamfunza kuvua, halafu ukaenda zako. Aliyepigiwa simu ni mimi. "Anko, fimbo yangu baba aliniachia wapi?" Haki ya Mungu, ungeisikia sauti ile ungeona haya huko uliko.

Nilirudi dukani jana. Mwenye duka akauliza rafiki yangu yuko wapi. Nikaelekeza kidole juu. Akaweka mkono kifuani, kisha akaniletea zile fimbo za nguru. Nikazirudisha, nikatoa ufunguo wangu. Nilikasirika zaidi nilipoona kila ulichokuwa ukinihubiria nilikuwa nimekishika, pamoja na kukucheka kote kule. Nimechagua nyepesi, ncha laini, kiuno imara. Ya vipande viwili. Ndiyo, viwili! Kama hutaki, amka tubishane.

Mama Shiru ameniomba nimwambie mtoto kwamba ni ile ile uliyonunua, ili moyo wake utulie. Shemeji namheshimu, lakini hilo nimemkatalia. Mtoto ameshaahidiwa uongo mmoja, kwamba unarudi. Wa pili hautatoka kinywani mwangu. Nitamwambia ya baba yako ilivunjika, hii nimeichagua mimi, vile baba yako alivyonifunza.

Kwaheri, ndugu yangu. Likizo yangu ikifika nitaipeleka Naivasha mwenyewe, nimkabidhi Shiru mkononi, na tutashuka ziwani mimi na yeye. Kurusha chambo sijui, naye hajui. Tutakosea siku nzima, na wewe hutakuwepo kutusahihisha.

Omondi