Mdogo Wangu Okello Hakuwa na Silimu

Lamunu mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na tatu. Nimezika wake wawili na kila sajenti aliyewahi kunifokea, na bado napanda mlima wa Kyebando bila fimbo. Nyumbani wote wazima, ila paa linavuja.

Unauliza, kwa huo utafiti wako wa mafuta ya mwili na homoni, kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyeugua sukari. Madaktari huwa nawaambia hakuna. Nawadanganya.

Mdogo wangu Okello, polisi kama mimi, alikuwa mnene, tukimwita Bwana Mkubwa. Ghafla akaanza kukonda. Anakula posho, yaani ugali, sahani mbili, anamaliza jagi la maji, na bado mkanda wa sare unatobolewa matundu mapya. Kambini wakasema ni silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi. Mimi mjuzi wa kila kitu nikamtengea sahani yake peke yake.

"Kaka, hata sahani?"

"Kula, wacha maneno."

Aliinuka bila kula. Hakurudi kwangu. Alipozimia, daktari akapima damu: silimu hakuna, ni sukari, na tumechelewa. Siku ya tatu tukamzika.

Andika jina lake kwenye karatasi zako. Ningeulizia hospitali mapema, labda angekuwepo.

Ukidhani uzee umenivuruga, muulize bibi yako Akello wa Kasubi, mjane wa Okello. Alikuwa amekaa naye pale mezani siku ya ile sahani. Ananisalimu vizuri, lakini mpaka leo hajala nyumbani kwangu.

Babu yako